Ukiacha divisheni, mwaka wako wa mwisho shuleni ulikuwa nani?

Kaunta Buku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apitilize tu.

Jumamosi nilikuwa Tukuyu kwenye mahafali ya kidato cha nne. Binti wa dada yangu anamaliza. Dada yuko Songea, hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo nikatumwa mimi na mashada mawili yanayometameta, keki, na onyo kwamba nisije nikachelewa. Sikuchelewa. Kadi ilisema saa tatu asubuhi, mgeni rasmi akaingia saa sita na robo. Muda wote huo wahitimu wamesimama kwenye mstari na majoho yao ya kukodi, wengine yakiburuza chini, wengine yakiishia magotini.

Ratiba mnaijua. Skauti, wimbo wa taifa, wimbo wa shule, kwaya, ngonjera, taarifa ya mkuu wa shule, neno la mwenyekiti wa bodi, neno la diwani, neno la mtu ambaye mpaka sasa sijajua alikuwa nani. Halafu risala ya wahitimu. Hapo nikatega sikio, maana nilidhani ndipo wenyewe watakaposema. "Ndugu mgeni rasmi, tulianza kidato cha kwanza tukiwa 171 na leo tunahitimu tukiwa 138." Baada ya hapo mafanikio mawili, changamoto tisa. Walimu wa sayansi hawatoshi, uzio hakuna, bati za bweni zinavuja, mashine ya fotokopi imekufa. Mgeni rasmi akaahidi saruji. Tukapiga makofi ya kilo. Harambee ikachukua saa nzima.

Kuitwa kuchukua cheti: jina, mkono, picha, anayefuata. Nilihesabu kwa saa yangu, sekunde nane kwa kila mtoto. Na mpwa wangu alipofungua ile karatasi iliyofungwa utepe mwekundu, ndani ilikuwa nyeupe pe! Vyeti vyenyewe watapewa wakisharudisha vitabu na kumaliza madeni.

Tukiwa njiani kwenda kula nikamuuliza, "Hivi pale shuleni wewe ulikuwa unafanya nini hasa?" Nilitegemea aniambie habari za masomo. Akasema, "Mjomba, mimi ndiye nilikuwa napiga kengele."

Miaka miwili! Rimu ya lori imening'inizwa kwenye mparachichi, anaigonga kwa nondo. Saa kumi na nusu alfajiri, kwenye baridi ile ya Tukuyu inayoingia mpaka kwenye meno. Mwanzoni hakuwa na saa, akawa anaamshwa na honi ya kosta ya kwanza ya Mbeya. Siku kosta ilipoharibika shule nzima ilichelewa kuamka, na aliyechapwa ni yeye. Watu 138 pale mbele, kila mmoja ameamshwa na huyu mtoto asubuhi zaidi ya mia nne, na hakuna aliyelisema hilo. Hata yeye kwenye risala waliyoiandika pamoja hakulisema.

Usiku nililala kwa mama. Kwenye kabati nikakuta kaunta buku letu la 2009, mwaka tuliomaliza sisi. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Wiki ya mwisho kambini, mwenzetu mmoja alipendekeza kila mtu apewe ukurasa, halafu wenzake waandike alikuwa nani. Sheria ilikuwa moja, hakuna kuandika mambo ya masomo. Nanukuu baadhi, majina nayaacha:

"Mtaalamu wa pasi ya mkaa. Jumapili mashati ya bweni zima yalipita mikononi mwake. Lake mwenyewe lilikuwa la mwisho na halikuwahi kunyooka."

"Mwandishi wa barua za mapenzi kwa niaba ya wengine. Malipo nusu mkate. Yeye hakuwahi kuandikiwa."

"Aliwahi kutetea pande zote mbili za mdahalo siku moja, mwenzake alipokuwa na malaria. Upande wa pili ukashinda."

"Mtabiri wa maswali ya NECTA. Hajapatia hata moja." (NECTA ni baraza la mitihani la Tanzania.)

"Anaijua njia ya kwenda ziwa Ngosi bila kuongozwa. Alitupeleka Jumapili mbili, moja kwa ruhusa."

"Miaka miwili amekaa kwenye dirisha bovu, mvua inaingia, hajalalamika. Tulikuwa tunampisha asogee, hataki."

Ukurasa wangu sitauweka hapa.

Sasa fungueni tovuti ya NECTA muangalie matokeo ya shule yoyote. Utakuta namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni (daraja la ufaulu) na masomo. Jina halipo. Hilo la majina sina ugomvi nalo, ni faragha ya mtoto. Ninachouliza ni kwamba zaidi ya ile namba, shule zetu za miji midogo zinabaki na nini kuhusu mtu aliyekaa pale miaka minne?

Tuseme basi. Mwaka wako wa mwisho ulikuwa unafanya nini? Divisheni zenu hatuzitaki.

---

Mzee wa Ukoko

Nimewahi siti.

Kiranja wa chakula, shule ya bweni, mji mdogo tu kule Kondoa. Mnaniona kwenye jina. Ukoko wa wali wa Jumapili ulikuwa mshahara wangu, na nikawa nagawa kwa upendeleo, naomba radhi kwa wote.

Lakini niwaambie kitu. Kupakua maharage kwa watu mia nne kwa kikombe kimoja cha plastiki si kazi ya mchezo. Ukijaza mwanzoni, wa mwisho wanakula mchuzi. Ukipunja mwanzoni, yanabaki na unaitwa mwizi. Mwezi wa kwanza kidato cha pili waliniimbia wimbo. Kufika mwezi wa tatu nilikuwa nikitazama sufuria tu najua kikombe kijae mpaka wapi. Leo nauza mchele jumla na mizani yangu haijawahi kulalamikiwa.

---

Golikipa Mstaafu

Kaunta Buku, umesema Tukuyu halafu hujagusa mpira? Mji wa Banyambala, timu ya Tukuyu Stars! Tukuyu Stars ilipanda ligi ikachukua ubingwa wa Bara mwaka 1986, na sisi tuliosoma kule miaka ya tisini tulikuwa tunacheza kama vile kuna mtu kutoka Simba au Yanga amejificha kwenye migomba anatuangalia.

Mimi golikipa. Uwanja wetu ulikuwa na mteremko. Kipindi cha kwanza unalinda goli la juu, raha mustarehe. Kipindi cha pili unalinda la chini, na mvua ya Rungwe unaijua mwenyewe, mpira unakuja na maji yake. Tulifika UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Nilifungwa sita. Ukurasa wangu uandikwe hivyo hivyo, sita.

---

Nguzo Sita

Mimi nitakuwa mbaya wa uzi huu.

Hizi hadithi tamu, lakini nani aliajiriwa kwa sababu alipiga kengele vizuri? Mtoto wa mji mdogo hana mjomba wizarani. Kitu pekee kinachomtoa ni ile divisheni mnayoidharau hapa. Aliyepata divisheni one ya pointi saba, ile ya juu kabisa, kutoka shule isiyo na maabara, ile namba yake kwenye ukuta ndiyo ilimpeleka kidato cha tano, ikampeleka chuo, ikampa mkopo. Msimwondolee silaha yake.

Na la pili, ambalo hamtaki kulisema. Nusu ya hizo mnazoziita shughuli zilikuwa kutumikishwa. Maji ya mwalimu, kuni za mwalimu, kupalilia shamba la mwalimu, matofali ya nyumba ya mwalimu. Mwaka wangu wa mwisho nilibeba ndoo mbili kila jioni kwenda kwa mwalimu wa zamu wakati wenzangu wa shule za mjini wanasolvu paspepa. Mniandikie ukurasa gani? "Alikuwa punda hodari"?

---

Kaunta Buku

Nguzo Sita, la kwanza sikubaliani nalo, la pili nimeliweka kiporo. Kuna mwalimu humu? Nafahamu mpo, mnasoma kimya kimya.

---

Chaki ya Mwisho

Nipo. Nafundisha Jiografia, mji mdogo nyanda za juu kusini, sitautaja. Nimebakiza miaka miwili nistaafu.

---

Kaunta Buku

Shikamoo mwalimu.

---

Mzee wa Ukoko

Shikamoo mwalimu. Lile la upendeleo wa ukoko naomba lisiingie kwenye faili.

---

Chaki ya Mwisho

Marahaba wanangu.

Naanza na Nguzo Sita kwa kuwa ana hoja. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe na shamba lake ili mtoto asione jembe ni adhabu ya asiyesoma. Shamba la shule, chakula cha shule, faida ya shule. Nyumbani kwa mwalimu hakukuwemo kwenye hesabu ile. Sisi ndio tuliopaingiza. Mimi mwenyewe kijana nikiwa kazini mwaka wa kwanza nilichotewa maji na wanafunzi na sikuona aibu. Kwa hiyo ndoo zako mbili, nakubali, ulionewa.

Sasa la divisheni. Matokeo ya 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchi nzima walikuwa na sifuri. Mnakumbuka ile kelele. Serikali ikaunda tume, yale matokeo yakafutwa, alama zikapangwa upya, yakatoka mengine. Nilikuwa na kijana mmoja aliyeendesha mradi wetu wa ng'ombe wa maziwa. Alijua ng'ombe gani ana homa kwa kumgusa sikio. Daftari lake la maziwa lilikuwa limenyooka kuliko la mhasibu. Februari alikuwa sifuri. Yalipopangwa upya akawa na four. Mtoto yule yule, karatasi zile zile, hata peni hakushika tena. Baadaye kidogo ukaja mfumo wa GPA (wastani wa alama), watu wakawa na "distinction" na "merit", na 2016 divisheni zikarudishwa. Mimi siidharau divisheni, Nguzo Sita, nimeitafuta kwa jasho kwa ajili ya wanangu. Nimeona tu kwamba hata yenyewe hubadilishiwa kipimo.

Na nina la kukiri. Cheti cha kumaliza shule, kile tunachokitoa sisi wenyewe, huwa kina sehemu ya kuandika tabia na michezo. Mnajua tunavyoijaza? Jioni moja, vyeti mia na kitu, chai moja. Tabia: nzuri. Michezo: mpira wa miguu. Wasichana: netiboli. Yule ambaye hajawahi kugusa mpira naye ni mpira wa miguu. Kuna mwaka nilimwandikia netiboli binti aliyekuwa anatembea kwa gongo. Alikuja ofisini akacheka, akaniambia, "Mwalimu, nilicheza namba ngapi?" Sijalisahau hilo mpaka leo.

Tangu 2016 ada ilipoondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne, watoto ni wengi, na hilo ni jambo jema. Lakini nina mkondo wenye watoto sabini na mbili. Najua majina yote. Wanafanya nini baada ya kengele ya mwisho najua ya kama thelathini.

---

Kijana wa Mwingi

Nimepita tu kutoka Kenya jameni, naomba niketi.

Sisi huku shuleni mahafali ya kidato cha nne kwa wengi haikuwa sana, tulikuwa na siku ya maombi. Wiki chache kabla ya KCSE, mtihani wetu wa taifa wa kidato cha nne, wazazi wanakuja, wachungaji wanaombea kalamu, jiometri seti zinainuliwa juu kama sadaka. Mama yangu alikuja na kuku wa kukaanga kwa karai, na nakuambia ile kuku iliombewa kuliko mimi.

Yule mwalimu amesema ukweli kuhusu cheti cha kumaliza. Chetu pia mwalimu mkuu huandika kuhusu uwezo, bidii na mwenendo wako. Mimi niliandikiwa "mwanafunzi mtulivu". Mimi! Nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya drama. Nilicheza mwanamke mzee mpaka wilayani, na nguo nilikopa kwa mama wa jikoni. Mtulivu kitu gani?

Na sisi tunaisha. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989 na mfumo wetu wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane msingi, minne sekondari, minne chuo) unafunga na kidato cha nne wa 2027. Gredi ya 10 wameshaanza 2026. Hao wa mwisho wakimaliza sijui nani atakumbuka fomu foo ilikuwa nini.

---

Nguzo Sita

Mwalimu, nimekusoma. La ndoo nimelipokea. La divisheni bado.

---

Mama Vitumbua

Nimesoma mpaka hapa na naona wote ni wa bweni. Ngojeni niwape ya kutwa.

Mimi nilisoma shule ya kata, zile zilizoota kama uyoga baada ya MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, kuanza mwaka 2004, mlizokuwa mnaziita yeboyebo. Kwetu hadi shuleni ni kilomita kumi na moja, kwa hiyo kidato cha tatu tukapanga geto, wasichana wanne chumba kimoja karibu na soko. Elfu tano kwa mwezi, tunachanga. Nyumbani wanatuletea unga na maharage kila mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo, jitegemee.

Shughuli yangu mwaka wa mwisho ilikuwa vitumbua. Naloweka mchele usiku, naupeleka kusagwa kwa jirani mwenye kinu, saa kumi alfajiri nipo kwenye jiko la mkaa. Saa nne mapumziko walimu wananunua. Mwalimu wa Hesabu alikuwa ananikopa, na kipindi chake nikawa simsikilizi, napiga hesabu ya deni lake. Kuna jioni wanaume walikuwa wanatugongea mlango. Tukajifunza kuuwekea gogo. Hakuna matroni geto, hakuna wa kukuhesabu usiku kama umo au haumo.

Sasa nije kwa ninayetaka kumsema. Deski moja na mimi alikaa nahodha wa netiboli. Huyo netiboli yake ilikuwa ya kweli, mwalimu, si ya kuandikiwa. Alifika mkoani, alirudi na viatu vya raba alivyopewa na akavivaa mpaka kanisani. Alikuwa pia ndiye anayewasindikiza wadogo wa kidato cha kwanza jioni, maana njia ile ina pori. Mwezi wa nane, mwaka wa mwisho, tukapimwa mimba. Akaondolewa siku hiyo hiyo. NECTA imebakiza miezi miwili na kidogo, amekwisha kujaza mpaka selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, amechagua HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili).

Siku ya mahafali jina lake liliruka. Wa kabla yake akaitwa, wa baada yake akaitwa. Mimi nikawa napiga makofi kwa kuchelewa, watu wakadhani nasinzia.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mabinti waliokatizwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Nilimpigia simu. Mtoto wake alikuwa ameshafika darasa la tano.

Kaunta Buku, lile daftari lenu la 2009 lina kurasa za walioondoka katikati?

---

Kaunta Buku

Nimeondoka hapa nikaenda kulifungua tena, nimelipekua lote.

Halina. Tuliandika wa waliokuwepo kambini ile wiki tu. Nawakumbuka wawili walioacha kidato cha tatu, mmoja alikwenda kuchuma chai, mwingine aliitwa nyumbani baba yake alipofariki. Huyo wa pili ndiye aliyetufundisha wote kuogelea mtoni. Hana ukurasa.

Na kwenye mahafali nimesikia kwa masikio yangu 171 na 138, nikawaandikia hapa juu kama hesabu. Wala sikumuuliza mpwa wangu wale 33 wako wapi. Nimempigia sasa hivi. Kahama, kahama, kaolewa, yupo Tunduma anabeba mizigo, huyu alifeli kidato cha pili akarudia, huyu simjui, kahama. Alifika kumi na tisa akaniambia salio linaisha.

---

Golikipa Mstaafu

Beki wangu wa kati aliacha shule kidato cha tatu. Nilifungwa zile sita kwa sababu hakuwepo. Nilikuwa nawaficha.

---

Baba Furaha

Jambo bandugu. Miye natoka Bukavu, sasa niko Marekani, mu kamji kadogo ka Iowa. Kiswahili changu cha Kongo mutanivumilia.

Mutoto wangu mukubwa amemaliza sekondari mwaka huu, mwezi wa tano. Bako 41 tu shule yote. Siku moja natoka kazi, ninapita barabara kubwa, naona picha kubwa ya mutoto wangu juu ya nguzo ya taa. Na za wenzake, nguzo moja moja mupaka mwisho wa mji. Nilisimamisha gari. Kwetu picha ya mutu kama ile njiani, ni mutu amekufa ao anatafutwa. Nikamupigia mama yake, nikamwambia, "Uyu mutoto amefanya nini?" Kumbe ni kawaida yao, mji unaonyesha bale banamaliza. Hata gazeti yao ndogo ilitia picha zabo zote.

Na kiko kitabu cha shule cha kila mwaka. Pembeni ya jina banaandika kila kitu mutoto alifanya, na namba ya mwaka: kwaya 1, 2, 3, 4, kukimbia 2, 3, klabu ya balimaji 4. Nilipenda sana. Kwetu Kongo tunajua Examen d'État, mutihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, matokeo yakitoka bale bamepita banamwangiwa pudre, kichwa, nguo, nyumba yote inakuwa nyeupe, bafinaliste banaimba mu barabara. Ni furaha kubwa, lakini ni ya asilimia tu. Ukikosa asilimia, pudre hakuna.

Sasa mwenye kusema shule za huku zinaandika yote, hapana. Mutoto wangu tangu alipofika na miaka kumi na mbili ndiye anatutafsiria: hospitali, benki, kwa mwenye nyumba, hata mu kikao cha walimu wake mwenyewe. Mwalimu anasema vibaya juu yake, yeye anatafsiri. Miaka sita. Nilitafuta mu kile kitabu, haiko.

---

Mzee wa Ukoko

Baba Furaha, na alikuwa anatafsiri sawasawa yale mabaya?

---

Baba Furaha

Sasa ndiyo ninaanza kujiuliza.

---

Kijana wa Mwingi

Nimecheka mpaka nimemwaga chai.

---

Nguzo Sita

Nimekaa siku mbili sijaandika. Bado nasema mtoto wa kijijini asidanganywe kwamba kengele itamlipia chuo. Lakini Mama Vitumbua amenipiga pabaya.

Mwalimu, swali la kiutendaji. Una watoto 72 mkondo mmoja. Ukitaka kuandika kila mmoja alikuwa nani, unaanzia wapi? Ukiwauliza wenyewe watadanganya. Ukiwauliza walimu wataandika mpira wa miguu.

---

Chaki ya Mwisho

Nimeshaanza, ndiyo maana nilikuwa kimya.

Jumatatu kipindi cha mwisho niliingia kidato cha nne na daftari la kawaida, nikawaeleza. Nikachukua utaratibu wa Kaunta Buku, hujiandiki, unaandikwa, na masomo hayaruhusiwi. Nikaongeza langu, mnaanza na walioondoka. Darasa likanyamaza kwanza. Halafu mmoja nyuma akataja jina. Mwingine akataja. Nilikaa nikiandika ubaoni mpaka chaki ikaisha, nikatuma nyingine. Majina ishirini na sita, na manne kati ya hayo nilikuwa nimeyasahau mimi niliyewaita kwenye rejesta kila asubuhi.

Mambo niliyoyasoma, wacha niwape machache. Kuna kijana ambaye kwangu ni mtoro sugu, nimemwadhibu mara nyingi. Wenzake wameandika: "Anaondoka Alhamisi kwa sababu ni siku ya mnada, anauza mbuzi wa bibi yake, na Ijumaa analipia wenzake wawili hela ya chakula." Kuna msichana kimya, haongei kabisa. "Anasuka nywele za bweni zima siku za Jumamosi na siri zote anazo yeye, hajawahi kutoa hata moja." Kuna mmoja ameandikiwa, "Anatunza kitabu cha Fizikia cha shule, kiko kimoja, anajua kiko kwa nani kila usiku." Nilikuwa sijui kwamba kile kitabu kina mkutubi.

Na kuna mmoja ukurasa wake ulirudi mtupu. Darasa zima limepitisha daftari, hakuna aliyeandika. Niliona, naye aliona. Sikujua la kufanya, nikafunga daftari nikasema tutaendelea kesho.

---

Mama Vitumbua

Mwalimu usituache hapo.

---

Chaki ya Mwisho

Kesho yake alfajiri nilimkuta anafagia njia ya kwenda chooni, ile yenye matope. Peke yake, si zamu yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema usiku wadogo wa kidato cha kwanza wanateleza. Nikamuuliza tangu lini. Tangu kidato cha pili. Wenzake wanaamka njia imeshakuwa safi, walidhani ni mlinzi.

Nikauandika mimi ukurasa ule. Nilimwomba kaka mkuu ausome mstarini.

---

Golikipa Mstaafu

Hapa sina neno.

---

Kaunta Buku

Mwalimu, naomba nikununulie kaunta buku la kuhamishia. Daftari la kawaida litachanika kabla ya mahafali yenu. Nikutumie la unene wa kwaya mbili kwa basi la Jumatano?

---

Chaki ya Mwisho

Kwaya tatu, mwanangu. Wako tisini na nane, ukijumlisha na wale ishirini na sita. Na jalada gumu, bati letu nalo linavuja.